Sampuli Ikifanana na Tui: Mwongozo Kamili wa Kupima Sodiamu kwenye Damu Yenye Mafuta Mengi

Kijana aliletwa usiku, tumbo limemkaza, anatapika, na sukari anayo kwa miaka. Mhudumu wa kubeba sampuli hakuwepo zamu ile, kwa hiyo mamake ndiye aliyeshuka na tyubu kutoka wodini. Kabla hajaiweka kaunta aliinua kwenye taa, akaitazama, akaniuliza: "Mwanangu, damu yakwe mbona ina tui?"

Nilimjibu kwamba damu ikikaa hujitenga. Nikaitia kwenye sentrifuji, ile mashine inayoizungusha damu ili seli zishuke chini, nikaipeleka kwenye mashine kubwa ya kemia, sodiamu ikatoka 127, ilhali ya kawaida ni 140 hivi. Asubuhi ile kontroli zote, zile sampuli za kujaribia mashine ambazo majibu yake tunayajua, zilikuwa zimepita, sikuwa na sababu ya kuitilia shaka mashine. Nikatuma majibu. Ni pale niliporudi kuipanga tyubu kwenye raki ndipo nilipoiona sawasawa: juu ya seli nyekundu hapakuwa na seramu ya manjano, yale maji ya damu yanayojitenga na seli, palikuwa na kitu cheupe, kizito, kimeshika kuta za tyubu kama tui la kwanza linavyoshika kuta za bakuli. Nikaomba damu nyingine, safari hii kwa sirinji ya gesi za damu, nikaipima kwenye mashine ndogo. 137. Nikapanda ngazi mbio. Daktari alikuwa ameshaagiza dripu ya chumvi kali ya asilimia 3, chupa ipo kitandani, bado haijafungwa.

Hayo yalitokea katika hospitali moja ya pwani kabla sijahamia kisiwani Lamu. Yule mama aliona kwa jicho la jikoni kitu ambacho mimi nilitakiwa nikione kwa jicho la maabara. Tangu siku hiyo kila anayefanya kazi nami namfundisha jambo hili kabla ya jingine lolote, na hapa naliandika lote: kwa watu wa maabara, kwa wauguzi wanaotoa damu, na kwa maafisa wa kliniki na madaktari wanaoyasoma majibu usiku wa manane.

Mafuta yanafanya nini hasa

Chukua vikombe viwili na jagi la maji uliyotia chumvi ukakoroga. Kikombe cha kwanza kijaze maji hayo mpaka ukingoni. Cha pili kitie maji hayo hayo, lakini acha nafasi ya kidole kimoja, umalizie kwa mafuta ya nazi. Onja maji ya vikombe vyote viwili: ukali wa chumvi ni mmoja. Sasa mwambie mtu apime chumvi yote iliyomo kwenye kila kikombe, agawe kwa ujazo wa kikombe kizima. Kikombe chenye mafuta kitaonekana kina chumvi kidogo. Hakuna aliyeipunguza chumvi. Kilichopungua ni maji ya kuibeba, kwa sababu mafuta yamechukua nafasi na mafuta hayabebi chumvi.

Damu ni hivyo hivyo. Katika lita moja ya plazima ya mtu wa kawaida, mililita 930 hivi ni maji, na 70 zinazobaki ni protini na mafuta. Sodiamu yote iko ndani ya yale maji, kwa kiwango cha milimoli 151 hivi kwa lita ya maji. Zidisha 151 kwa 0.93 upate 140, ile namba tuliyoizoea kuiita ya kawaida. Mafuta yakijaa mpaka maji yakabaki asilimia 86, zidisha 151 ile ile kwa 0.86: unapata 130. Ubongo, moyo na misuli ya mgonjwa vinaogelea kwenye 151, sawasawa na ya kwako na yangu. Karatasi ndiyo inayosema 130.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1955 watafiti wa Marekani, Albrink na wenzake, walikwisha eleza jinsi mafuta yanavyoyasukuma maji nje ya seramu na kuifanya sodiamu ionekane imeshuka. Enzi hizo sodiamu ilipimwa kwa mwali wa moto. Mashine zimebadilika tangu hapo, ila kosa limebaki, kwa sababu linatokana na namna ya kupima.

Hatua ya kwanza: itazame kabla hujaipima

Baada ya sentrifuji, inua kila tyubu kwenye mwanga. Kila tyubu, hata zikiwa themanini. Shika nyuma yake karatasi yenye maandishi. Seramu nzuri inakuonyesha herufi. Ikianza ukungu, triglisaraidi, yaani aina kuu ya mafuta yanayoifanya damu iwe nyeupe, mara nyingi zimepita milimoli 3.4 kwa lita. Herufi zikipotea kabisa na tyubu ikawa nyeupe kama maziwa, mara nyingi uko juu ya milimoli 11, na hapo si sodiamu pekee iliyo hatarini: kuanzia kiwango hicho kongosho lenyewe linaweza kuwaka.

Mashine nyingi kubwa hutoa namba ya ukungu wa sampuli pamoja na majibu. Itumie, lakini isichukue nafasi ya jicho lako. Namba hiyo imesawazishwa kwa mafuta ya kiwandani yaliyokorogwa kwenye maji, na mafuta ya binadamu hayatawanyi mwanga kwa namna ile ile. Nimekuta namba ya wastani kwenye sampuli ambayo kwa macho ilikuwa maziwa matupu.

Tazama pia majibu ya hesabu ya damu ya mgonjwa huyo huyo. Mafuta huufanya mwanga uzibike, na mashine inadhani ni hemoglobini. Kwa hiyo hemoglobini inapanda kwa uongo, na ile namba ya MCHC, yaani kiwango cha hemoglobini ndani ya seli nyekundu, inapita 37, kiwango ambacho seli nyekundu kwa kawaida haifiki. Ukiona MCHC ya 40 na sodiamu ya 126 kwa mtu mmoja, usiziamini zote mbili mpaka umeiona tyubu.

Na hapa niseme neno kuhusu chakula, kwa sababu lawama zote hupelekwa huko. Mgonjwa akisema jana alikula biriani ya harusi, watu wanatikisa kichwa: basi ndiyo hiyo. Siyo. Mlo mzito utakupa ukungu, triglisaraidi 4 au 5, na hizo haziishushi sodiamu hata kwa milimoli 1 nzima. Kwa makadirio, kila milimoli 10 za triglisaraidi huivuta sodiamu chini kwa kati ya milimoli 1 na 2. Ili ianguke kutoka 137 hadi 127 panahitajika mafuta ya ugonjwa: kisukari kilichoachwa bila matibabu, pombe nyingi, figo zinazovujisha protini, tezi ya shingo iliyolala, hitilafu ya kurithi, baadhi ya dawa za virusi vya ukimwi za kundi la ritonavir, au mgonjwa wa chumba cha uangalizi mahututi anayepewa lishe ya mafuta au dawa ya usingizi ya propofol kwa mshipa. Wali wa nazi msiuonee.

Hatua ya pili: ijue mashine yako

Hii ndiyo hatua ninayoomba uifanye leo, kabla mgonjwa hajaja. Njia za kupima sodiamu kwa elektrodi, kile kihisi cha mashine kinachoisikia sodiamu, ni mbili, na watu wengi wanaozitumia kila siku hawajui wanatumia ipi.

Njia ya kwanza huizimua sampuli kwanza. Mashine inavuta seramu kidogo sana, inaichanganya na maji yake ya dawa mara ishirini, thelathini au zaidi, kisha ndiyo inapima. Baada ya hapo inarudisha hesabu kwa kudhani kwamba kile kitone ilichokivuta kilikuwa na asilimia 93 ya maji. Kwa mtu wa kawaida dhana hiyo ni sawa. Kwa yule kijana, kitone kilikuwa na maji kidogo na mafuta mengi, na mashine haina njia ya kulijua hilo. Hii ndiyo njia ya mashine kubwa za kemia, zile zinazopima sukari, ini, figo na chumvi kwa mkupuo mmoja.

Njia ya pili haizimui. Elektrodi inagusa damu au seramu kama ilivyo, na inaisikia sodiamu iliyomo ndani ya maji tu. Mafuta yakiwepo yasiwepo, haijali. Kisha mashine inaizidisha kwa namba moja isiyobadilika ili namba itoke kwenye kiwango kile kile cha 140 tulichokizoea. Ndivyo zinavyofanya mashine za gesi za damu, zile za kushika mkononi za kando ya kitanda, na nyingi ya mashine ndogo za mezani zinazopima sodiamu, potasiamu na kloridi peke yake.

Utajuaje? Fungua kitabu cha mashine, sehemu ya elektrodi, uone kama sampuli inazimuliwa kabla ya kupimwa. Kitabu kikikosekana, muulize fundi anayekuja kuihudumia. Ukishajua, andika kwenye karatasi ubandike mbele ya mashine, kwa herufi zinazosomeka na mtu wa zamu ya usiku: INAZIMUA, au HAIZIMUI.

Huku visiwani jambo hili lina uzito wake. Tumezoea kuamini kwamba mashine ya Mombasa, kwa ukubwa wake na bei yake, lazima iwe sahihi kuliko kijimashine chetu cha mezani. Sampuli inavushwa hadi Mokowe, inapanda gari, au inarushwa kutoka Manda, jibu linarudi 127, na mtu wa Lamu aliyepata 137 anaaibika na kufuta lake. Kwa damu yenye mafuta mengi, kama mashine ya mezani haizimui, wa kuaminiwa ni wa mezani. Ukubwa wa mashine hauhusiki. Nimewaona vijana hodari wakifuta jibu la kweli kwa sababu hiyo, na bado linanikera.

Na usizitegemee kontroli kukuokoa. Kontroli zimetengenezwa na maji ya kawaida, mafuta ya kawaida. Zitapita zote, asubuhi na jioni, siku ile ile mashine inapotoa jibu la uongo kwa mgonjwa mmoja.

Hatua ya tatu: usiiharibu sampuli kwa nia njema

Mtu akiona seramu nzito, mkono unamtuma aiongezee maji au chumvi ya dripu apime upya, kisha azidishe. Kwa vipimo vingine kuzimua kunasaidia. Kwa sodiamu hakusaidii hata kidogo. Ukizimua kwa maji, kosa la ujazo liko pale pale, maana kile kipimo cha kwanza ulichovuta kwa pipeti tayari kilikuwa na mafuta mahali pa maji. Ukizimua kwa chumvi ya dripu umeongeza sodiamu ya chupa kwenye sodiamu ya mgonjwa.

Kosa la pili ni kuiacha ikae. Umewahi kulaza tui kwenye friji? Asubuhi juu kuna utando mzito mweupe, chini kuna maji. Damu yenye mafuta hufanya vivyo hivyo, na ukiipeleka mashineni hali imejitenga, jibu linategemea sindano ya mashine imezama wapi. Ikivuta kwenye utando, sodiamu itatoka ya ajabu, pengine na bomba lizibe. Ikivuta chini, itatoka karibu na kweli. Mara mbili za tyubu moja zinakupa majibu mawili, na wewe unaanza kumlaumu fundi. Kama unapima sampuli nzima, igeuze taratibu mara kadhaa hadi ichanganyike, kisha pima papo hapo. Kama umeamua kuondoa mafuta, yaondoe kwa utaratibu ninaoueleza mbele. Usiwe katikati.

Kosa la tatu ni kuitupa. "Sampuli imeharibika, tuma nyingine." Haijaharibika, ndivyo damu yake ilivyo, na nyingine itakuja vile vile. Saa mbili zimepotea kwa mgonjwa ambaye huenda kongosho lake linaungua. Mgonjwa asiye wa dharura mwenye ukungu mdogo unaweza kumrudisha baada ya saa 12 bila kula (Ramadhani huwa rahisi: mtoe damu alasiri, kabla ya futari). Mgonjwa wa dharura hasubirishwi.

Hatua ya nne: pima tena bila kuzimua

Hii ndiyo dawa yenyewe. Ukiwa na mashine isiyozimua, peleka sampuli huko, jibu litakalotoka ndilo la kutuma.

Ukitumia damu nzima kwa mashine ya gesi, angalia sirinji. Iwe na heparini (dawa ya kuzuia damu isigande) kavu, iliyosawazishwa kwa ajili ya elektroliti, yaani chumvi za damu. Sirinji ya kawaida iliyosuuzwa kwa heparini ya maji inaizimua damu kabla hata haijafika mashineni, na kama heparini hiyo ni ya sodiamu, umeongeza kosa la pili juu ya la kwanza. Toa mapovu ya hewa, izungushe kati ya viganja, pima ndani ya dakika chache. Na damu isitolewe kwenye mkono wenye dripu. Nalirudia kila mara kwa sababu linatokea kila mara.

Mashine ndogo nayo ina mwili wake. Mafuta hushika kwenye mabomba na juu ya elektrodi. Baada ya sampuli kama hiyo, pitisha dawa ya kusafishia iliyoelekezwa na mtengenezaji, isawazishe, pitisha kontroli moja, ndipo umpime mgonjwa anayefuata. Ukiruka hatua hii, mtoto wa watu atakayepimwa baada yake ndiye atakayebeba mabaki.

Kama huna mashine ya namna hiyo

Njia tatu zipo, na hazilingani kwa nguvu.

Ya kwanza ni osmometa, kile chombo kinachogandisha sampuli na kupima joto la kuganda ili kijue wingi wa vitu vilivyoyeyuka ndani yake. Hakisumbuliwi na mafuta. Linganisha kilichopimwa na kilichokokotolewa: sodiamu mara mbili, jumlisha sukari, jumlisha yurea, zote kwa milimoli kwa lita. Chukulia sodiamu 127, sukari 14, yurea 5. Hesabu inatoa 273. Osmometa ikisema 298, kuna pengo la 25, na kwa mtu ambaye hajanywa pombe wala sumu pengo hilo linakuambia sodiamu si 127. Weka 137 mahali pake: 293. Pengo limebaki 5, jambo la kawaida. Hospitali chache za pwani zina osmometa; kama yenu inayo na imefunikwa kitambaa pembeni, ifunueni.

Ya pili ni kuyaondoa mafuta kwa sentrifuji ya kasi. Sentrifuji ya kawaida ya kutenganisha seramu haitoshi kwa kazi hii. Itakusanya baadhi ya mafuta makubwa juu, madogo yatabaki yakielea na seramu itabaki na ukungu. Tumia ile ndogo ya tyubu za mililita 1.5 inayofikia nguvu ya mvutano mara 10,000 au zaidi, dakika 15. Kisha pitisha pipeti polepole ubavuni mwa tyubu, vuka utando wa juu bila kuuvuruga, vuta maji ya chini. Yakiwa safi, hata mashine inayozimua itakupa jibu la karibu na kweli. Yakiwa bado ni maziwa, usijidanganye. Triglisaraidi zenyewe zipime kwenye sampuli ya awali, kabla hujaondoa chochote.

Ya tatu ni hesabu, na naiweka mwisho kwa makusudi. Asilimia ya maji ni 99.1, toa mafuta yote (gramu kwa lita) mara 0.1, toa protini (gramu kwa lita) mara 0.07. Kwa mtu mwenye mafuta gramu 80 na protini gramu 70: 99.1 toa 8 toa 4.9, unabaki na 86.2. Kisha sodiamu iliyopimwa mara 93, gawa kwa 86.2. Ile 127 inarudi 137. Inapendeza kuona namba zikikutana, lakini hesabu hii inahitaji mafuta yote, yaani triglisaraidi, kolesteroli na mafuta mengineyo, na maabara nyingi zinapima sehemu tu. Itumie kumshawishi daktari asubiri. Usiitume kama jibu.

Seramu inayong'aa nayo inaweza kudanganya

Usiondoke na imani kwamba tyubu isiyo nyeupe ni salama daima. Mgonjwa mwenye umanjano wa macho na ngozi wa muda mrefu kwa kuziba kwa njia za nyongo anaweza kuwa na aina ya mafuta inayobeba kolesteroli nyingi mno bila kutia ukungu wowote. Seramu yake ni ya manjano, lakini inapitisha mwanga, maandishi yanasomeka, na sodiamu inashuka kwa uongo vile vile. Kwa mgonjwa wa namna hiyo mwenye sodiamu ya chini isiyoeleweka, pima kolesteroli. Protini zikipanda sana, kama kwenye saratani ya uboho, hufanya hivyo hivyo.

Kinyume chake pia kipo. Protini zikiwa chini sana, kama kwa mtoto mwenye utapiamlo au mgonjwa aliyelazwa wiki kadhaa, maji yanazidi asilimia 93 na mashine inayozimua inatoa sodiamu ya juu kuliko ilivyo. Hapo sodiamu iliyoshuka kweli huweza kuonekana ni ya kawaida ikapita bila kuulizwa.

Sukari: hapa usichanganye mambo mawili

Wagonjwa wengi wenye damu ya maziwa wana kisukari, na sukari nayo inashusha sodiamu, ila kwa njia nyingine kabisa. Sukari nyingi inavuta maji kutoka ndani ya seli hadi kwenye damu, na maji hayo yanaizimua sodiamu kweli. Huko si kudanganywa na mashine; hata mashine isiyozimua itaiona imeshuka. Kadirio linalotumika sana ni milimoli 1.6 za sodiamu kwa kila milimoli 5.6 za sukari iliyopanda juu ya kawaida.

Kwa yule kijana sukari ilikuwa 14, kwa hiyo milimoli mbili na kitu za kushuka zilikuwa za kweli. Ndiyo maana sodiamu yake halisi ilisimama 137, na si 140. Kutoka 137 hadi 127 yalikuwa mafuta. Daktari anayejua kuzigawa sehemu hizi mbili hatampa chumvi asiyoihitaji, na wala hatasema "ni mafuta tu" kwa mgonjwa ambaye kweli sodiamu yake imeshuka chini ya kifuniko cha mafuta. Mambo haya mawili hukaa pamoja kwenye damu moja mara nyingi kuliko tunavyodhani.

Hatua ya tano: piga simu, kisha andika

Namba peke yake kwenye karatasi haitoshi. Piga simu wodini, uongee na anayemtibu, mwambie mambo matatu: seramu ni nyeupe kama maziwa, sodiamu ya mashine inayozimua si ya kuaminika, na ile isiyozimua ni kiasi fulani, na triglisaraidi zinapimwa sasa hivi. Mtajie pia vipimo vingine unavyovitilia shaka: hemoglobini, bilirubini, vimeng'enya vya ini. Kama tumbo linauma, mkumbushe kwamba ameilesi, kile kimeng'enya cha kongosho, inaweza kutoka ya kawaida kwa sababu ya mafuta huku kongosho limewaka. Andika jina la uliyeongea naye na saa.

Kwenye ripoti yenyewe mimi huandika hivi: "Sampuli ina mafuta mengi sana. Sodiamu imepimwa kwa elektrodi bila kuzimua. Isilinganishwe na majibu ya mashine inayozimua." Ile namba ya uongo siiachi kwenye ripoti hata pembeni, maana macho ya mtu aliyechoka huenda kwenye namba yenye alama nyekundu.

Ukituma sampuli ng'ambo, tenganisha seramu kabla ya boti kuondoka, la sivyo potasiamu itavuja kutoka kwenye seli njiani. Ndani ya boksi la barafu mafuta yatapanda juu, kwa hiyo andika kwenye fomu kwamba sampuli ni ya mafuta na ichanganywe kabla ya kupimwa. Na uliza waziwazi: mtapima sodiamu kwa njia gani? Kama wanazimua, bakisha sodiamu yako Lamu na utume vingine.

Kwa anayemtibu

Kabla ya kuandika dripu ya asilimia 3, mtazame mgonjwa. Sodiamu iliyoshuka kweli na kwa haraka huleta kichwa kuuma, kuchanganyikiwa, degedege. Mgonjwa anayejibu maswali, analalamika tumbo tu, na karatasi inasema 120, anastahili simu moja kwenda maabara. Ukimpa chumvi kali mtu mwenye sodiamu ya kawaida, unayavuta maji nje ya ubongo wake. Ukimnyima maji mgonjwa wa kisukari anayetapika kwa sababu ya namba hiyo hiyo, unamkausha. Chungulia macho yake kwa kioo cha daktari kama unacho: mafuta yakizidi sana, mishipa ya nyuma ya jicho hugeuka rangi ya krimu.

Kisha itibu sababu. Kijana yule alizuiwa kula, akapewa maji ya dripu ya kawaida na insulini, na mafuta yakaanza kushuka. Kila asubuhi nilipima sodiamu yake kwa mashine zote mbili, namba mbili kando kando kwenye daftari: 127 na 137, kesho yake 132 na 138, siku ya tatu 136 na 138. Ile siku ya tatu mamake alishuka tena na tyubu. Nilimwomba angoje nje ya kaunta hadi sentrifuji isimame, nikaitoa, nikamwonyesha kwenye taa. Seramu ilikuwa na ukungu bado, lakini vidole vyangu vilionekana upande wa pili.